Je, Wajua? Kufumba na Kufumbua ni Muda Mrefu Mno

Je, wajua kwamba lile puto la sherehe linalomponyoka mtoto na kupotelea juu ya miembe limejazwa masalia ya viini vya atomu vilivyomeguka? Karibu heliamu yote inayochimbwa ardhini ilizaliwa hivyo. Kiini kizito cha urani au cha thoriamu, ndani kabisa ya mwamba, kilitema kipande chenye protoni mbili na nyutroni mbili. Kipande kikadaka elektroni mbili njiani, kikatulia, kikawa atomu ya heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza akiba kubwa ya gesi hiyo katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Miamba ya kale ya huko ilikuwa imeificha gesi hiyo tangu zama na zama, mpaka joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungulia mlango.

Kipande hicho kinachotemwa ndicho alfa, na safu ya leo ni yake. Ila hatutakaa na urani mvivu wa mwambani. Tunakwenda kwa jamaa zake wenye pupa: viini vizito vilivyojaa protoni kupita kiasi, ambavyo huzaliwa maabara na kutoweka kabla kope haijashuka.

Je, wajua kwamba aliyeipa alfa jina hakujua ameita kitu gani? Ernest Rutherford, mwaka 1899, alikuwa akiipanga mionzi kwa uwezo wake wa kupenya: iliyokwama upesi akaiita alfa, iliyopenya zaidi beta. Herufi mbili za kwanza za Kigiriki, basi. Miaka tisa baadaye, akiwa Manchester na Thomas Royds, alifungia gesi yenye mionzi ndani ya kijibomba cha kioo chembamba, unene wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Alfa zikapenya kioo, gesi yenyewe ikabaki ndani. Siku kadhaa baadaye, walipopitisha umeme katika chumba cha nje, kikang'aa rangi ya njano ya heliamu. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Na William Ramsay alikuwa ameikuta heliamu London tangu 1895, kwenye jiwe lenye urani, bila kujua imefikaje humo!

Ikitoka ndani ya kiini, alfa hukimbia kilomita kama 15,000 kwa sekunde. Ungedhani itatoboa ukuta. Thubutu! Hewani haivuki urefu wa kidole chako, na karatasi ya daftari huizuia kabisa.

Je, wajua kwamba nguvu ikizidi kidogo tu, umri wa kiini hukatika vibaya mno? Thoriamu-232 hutema alfa yenye nguvu ya elektronivolti karibu milioni 4. Poloniamu-212 hutema yenye karibu milioni 8.8. Tofauti ni zaidi kidogo ya mara mbili. Sasa tazama nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya viini vyote huwa vimekwisha: thoriamu, miaka bilioni 14, poloniamu, sehemu tatu za kumi za mikrosekunde, na mikrosekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande milioni. Uwiano wa umri wa viini hivyo viwili ni moja ikifuatiwa na sifuri 24. Ukiongeza kuni mara mbili chini ya sufuria ya maharage, hutegemei yaive upesi mara trilioni trilioni. Kwenye kiini ndivyo ilivyo. Hans Geiger na John Nuttall waliuona uhusiano huu mwaka 1911, wakauandika, lakini sababu hawakuwa nayo.

Sababu ilikuja mwaka 1928, na aliyeileta alikuwa kijana wa miaka 24. George Gamow, Mrusi aliyekuwa Göttingen, Ujerumani, alionyesha kwamba alfa hairuki juu ya ukuta wa kiini. Nguvu hiyo haina. Hupita katikati ya ukuta. Kwa sheria za ulimwengu mdogo, alfa si kijiwe kinachogonga na kurudi bali ni wimbi, na sehemu ndogo mno ya wimbi hilo huwa tayari iko upande wa pili. Ukuta ukipungua unene kidogo, uwezekano wa kutoka huongezeka maradufu kwa maradufu. Ronald Gurney na Edward Condon, huko Princeton, Marekani, walifikia jibu hilohilo mwaka uleule bila kuwasiliana naye. Kwa maoni yangu hii ndiyo hadithi nzuri kuliko zote katika fizikia ya karne iliyopita, na ajabu yake ni kwamba husimuliwa mara chache sana kuliko ile ya paka wa Schrödinger, ambaye hata hakuwepo.

Sasa tuje kwa hao wenye protoni nyingi. Protoni zina chaji ya aina moja, kwa hiyo husukumana. Nyutroni hazina chaji. Zenyewe huongeza gundi bila kuongeza ugomvi. Kadiri kiini kinavyokua, ndivyo kinavyohitaji nyutroni za ziada: kaboni yetu ya kawaida ina sita kwa sita, lakini risasi-208 ina protoni 82 na nyutroni 126. Ukizipunguza nyutroni hizo, ugomvi unapanda, na kiini kinatafuta njia ya kupunguza protoni. Kutema alfa kunapunguza mbili kwa mkupuo.

Je, wajua kwamba hesabu ya kutengeneza kiini cha namna hiyo ni ya darasa la tatu? Chukua argoni-36, yenye protoni 18 na nyutroni 18. Irushe kwenye utando mwembamba wa wolframu-182, wenye protoni 74 na nyutroni 108. Zikiungana: protoni 92, nyutroni 126. Protoni 92 ni urani. Kiini kinatoka na joto kali mno la kugongana, kinatoa jasho la nyutroni nne, kinabaki na 122. Hiyo ni urani-214. Ndivyo walivyofanya watafiti wa Lanzhou, China, na walipotangaza mwaka 2021 ilikuwa urani nyepesi kuliko zote zilizowahi kuonekana. Siri nzima iko kwenye argoni: vitu vyepesi huja na nyutroni chache, kwa hiyo mtoto wa vyepesi viwili huzaliwa na upungufu.

Urani ya Shinkolobwe kule Katanga, na ile ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, karibu yote ni urani-238, na nusumaisha yake ni miaka bilioni 4.5. Ya Lanzhou ni kama nusu milisekunde. Jina moja, protoni 92 zilezile. Pungufu ni nyutroni 24 tu.

Na waliona ngapi? Mbili. Atomu mbili za urani-214, baada ya mashine kumimina mkondo wa argoni usiokatika. Sikuandika mbili elfu.

Je, wajua kwamba kazi ngumu si kukitengeneza kiini bali ni kukipepeta? Kwa kila kiini kinachotakiwa, viini visivyohesabika vya mkondo hupita bila kugusa kitu, na vingine hugongana na kuzaa takataka. Jyväskylä, mji wa katikati ya Finland, kuna ungo mmoja maarufu uitwao RITU. Ni sumaku kubwa iliyojazwa gesi kidogo sana. Kiini kinachopita humo huvuana na kuvikana elektroni na gesi hiyo, na chaji yake inakaa kwenye wastani mmoja, basi sumaku inaweza kuwakunja wote wa aina moja kuelekea mahali pamoja huku mkondo ukitupwa pembeni. Gesi yenyewe ni heliamu. Ndiyo: alfa za kale zilizotulia ndizo zinazowaongoza wazazi wa alfa mpya.

Safari ndani ya ungo huchukua takriban mikrosekunde moja. Kiini kinachoishi pungufu ya hapo hufia njiani. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Wanaofika hujichimbia katika bao la silikoni. Nasema bao kwa makusudi. Bao la kiswahili lina mashimo 32. Lile lililokuwa nyuma ya RITU, vipande viwili vya silikoni vilivyochanjwa mistari ya milimita moja mbele na nyuma, lilikuwa na mashimo 4,800. Kiini kikitua, kompyuta huandika: shimo hili, saa hii. Kisha inangoja. Alfa ikilipuka katika shimo lilelile, inaandikwa nguvu yake. Ikifuata alfa ya pili humohumo, hiyo ni ya mtoto. Ya tatu ni ya mjukuu. Kila kiini kina nguvu yake ya alfa inayotambulika, kama watu wa nyumbani wanavyotambuana kwa kikohozi, kwa hiyo ukimjua mjukuu na ukamjua mtoto, mzazi ambaye hakuna aliyewahi kumwona anathibitika kwa ukoo wake. Hakuna darubini hapa. Kiini kinajulikana kwa sababu kimekufa, na kwa namna kilivyokufa.

Kuna hasara yake. Kiini hujichimbia kina kidogo sana, mikromita chache, ilhali alfa huhitaji makumi ya mikromita ili isimame. Ikielekea ndani, nguvu yake yote hupimwa. Ikielekea nje, huponyoka na kuacha makombo. Karibu nusu ya alfa hupotea hivyo. Fikiria umengoja wiki nzima, atomu imekuja, halafu imekupa kisogo.

Je, wajua kwamba katika mgao wa nguvu mtoto hupata makombo? Kiini kinapotema alfa, alfa huondoka na kama asilimia 98 ya nguvu. Kiini kilichobaki, ambacho ni kizito mara hamsini, husukumwa nyuma kidogo tu, kama bega la mwindaji baada ya bunduki kulia.

Turudi kwa wale wanaofia njiani. Teluri-104 ina protoni 52 na nyutroni 52. Wanafizikia waliitamani kwa miongo mingi, kwa sababu ikitema alfa hubaki bati-100, kiini cha 50 kwa 50, ambacho matabaka yake yote mawili, la protoni na la nyutroni, yamejaa kama nyumba isiyo na kitanda kilichobaki wazi. Lakini teluri hiyo huishi chini ya nanosekunde 18, na nanosekunde ni mikrosekunde iliyokatwa vipande elfu. Hakuna ungo wa kuiwahi. Wafanye nini? Wakamtengeneza mzazi wake, zenoni-108, kwa kuunganisha chuma na nikeli. Zenoni hiyo huishi mikrosekunde kama 58, na kwa mambo haya huo ni umri wa mzee. Ikavuka ungo, ikatua kwenye silikoni, ikatema alfa, na papo hapo teluri ikatema yake. Mtoto alisafirishwa mgongoni mwa mzazi. Kazi hiyo ilifanyika Argonne, Marekani, ikatangazwa 2018. Matukio waliyoyaona: mawili tena.

Mawili yalitosha kusema jambo. Kabla alfa haijatoka, lazima kwanza protoni mbili na nyutroni mbili zikutane ndani ya kiini na kujifunga pamoja. Katika poloniamu-212 protoni na nyutroni za nje hukaa matabaka tofauti, kama ndugu walioolewa miji mbalimbali. Katika teluri-104 na zenoni-108 hukaa tabaka moja, basi kukutana ni rahisi. Kipimo kilionyesha kwamba, kwa walau kimoja kati ya viini hivyo viwili, alfa hujifunga kwa wepesi zaidi ya mara tano kuliko katika poloniamu-212.

Je, wajua kwamba kiini kimoja kinaweza kuwa na maumbo matatu? Hili ndilo lililonifanya niandike safu hii. Kulikuwa na kundi la watafiti huko Darmstadt, Ujerumani, wakiwinda poloniamu-190. Waliipata kwa kuunganisha kromiamu-52 na neodimi-142. Jumlisha, toa nyutroni nne, utaiona. Huishi milisekunde mbili na ushei. Ikitema alfa huwa risasi-186, ambayo imepungukiwa nyutroni 22 ikilinganishwa na risasi-208.

Alfa nyingi zilitoka na nguvu moja kubwa. Hizo ziliiacha risasi imetulia. Lakini chache zilitoka na upungufu, na upungufu huo ulikuwa wa aina mbili: elektronivolti kama 530,000, na kama 650,000. Nguvu haipotei, kwa hiyo ilibaki ndani ya risasi. Maana yake ni kwamba risasi-186 ina hali mbili nyingine, karibu sana na ile ya utulivu, na zote tatu hazizunguki. Kiini kinachopanda nguvu bila kuzunguka kimefanya nini basi? Kimebadili umbo. Hali ya chini ni duara kama chungwa. Moja ya zile mbili nyingine ni bapa kama boga. Iliyobaki ni ndefu kama papai. Tofauti ya gharama kati ya maumbo hayo ni ndogo mno ukiilinganisha na nguvu ya zaidi ya bilioni moja inayokishikilia kiini kizima. Kwa kawaida kiini huchagua umbo moja na kukaa nalo, huyu hajaamua. Habari hiyo ilichapishwa 2000 katika jarida la Nature, na ushahidi wake mkuu ulikuwa alfa chache zilizofika na pungufu mfukoni.

Zebaki nayo haijatulia. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kituo cha ISOLDE kilianza kugundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ukipunguza nyutroni za zebaki moja baada ya nyingine, ghafla kiini kinaruka: 185 kimevimba, 184 kimerudi, 183 kimevimba, 182 kimerudi, 181 kimevimba. Nyutroni moja tu, na umbo linageuka. Swali lililobaki ni: mchezo huu unaishia wapi? Jibu lilipatikana 2018, walipofika hadi zebaki-177. Waliwasha leza za rangi maalumu zinazong'oa elektroni za zebaki peke yake, wakawa wanazungusha rangi kidogo kidogo na kuhesabu alfa. Rangi ikilingana na atomu, alfa huongezeka, isipolingana, kimya. Kifaa cha kuhesabia wanakiita kinu cha upepo: gurudumu lenye vipande kumi vya kaboni nyembamba kuliko utando wa kitunguu, kila kimoja kikipokea viini na kisha kuzungushwa mbele ya silikoni. Chini ya 181, zebaki huacha kuruka.

Kifaa hichohicho ndicho kilichoona zebaki-180 ikipasuka vipande viwili. Kila mtu alitegemea nusu kwa nusu, 90 na 90, kwa kuwa 90 ni zirkoni yenye nyutroni 50, namba inayopendwa na viini. Ikapasuka 80 na 100. Wananadharia walikuna vichwa kuanzia 2010.

Haya, ya haraka haraka.

Je, wajua kwamba ukifika ukingoni kabisa, kiini hakina subira hata ya kufunga alfa? Astatini-188, iliyotangazwa Jyväskylä mwaka 2025, hutema protoni moja peke yake. Ni kiini kizito kuliko vyote vilivyowahi kuonekana vikifanya hivyo.

Je, wajua kwamba bismuthi, iliyomo katika dawa za tumbo, nayo hutema alfa? Ilidhaniwa haimeguki kabisa, mpaka watafiti wa Orsay, Ufaransa, walipoinasa mwaka 2003. Nusumaisha yake ni zaidi ya mara bilioni moja ya umri wa ulimwengu. Kunywa dawa yako.

Je, wajua kwamba wakati mwingine mwenye nguvu zaidi ndiye anayeishi zaidi? Poloniamu-212 ina hali moja ya kuzunguka kwa kasi ambayo alfa yake ina nguvu ya milioni 11.65, lakini huishi sekunde 45 badala ya sehemu ya mikrosekunde. Mzunguko ule ni mzigo ambao alfa lazima iubebe ikitoka, na mlango ni mwembamba.

Je, wajua kwamba kizio cha kupimia uwezekano wa viini kugongana kimepewa jina la ghala la mkulima? Wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walilipendekeza 1942 kwa mzaha: kiini cha urani ni kikubwa kama ghala, nani atakikosa. Viini vya safu hii hutengenezwa kwa sehemu za bilioni za ghala hilo, na chini yake.

Na kuna mmoja aliyetoka maabara kwenda kwa daktari, au tuseme kwa panya kwanza. Terbiamu-149 ina nyutroni kumi pungufu ya terbiamu ya kawaida, na karibu mara moja kwa sita humeguka kwa alfa. Alfa hiyo haipiti upana wa seli chache za mwili, basi ukiifunga kwenye kingamwili inayotafuta seli za saratani, huua ilipofikishwa na kuacha jirani. Majaribio yaliyochapishwa 2004, kwa terbiamu iliyotengenezwa ISOLDE, yaliwapa panya wenye seli za saratani ya damu dozi moja. Asilimia 89 yao walivuka siku 120 bila ugonjwa. Tabu ni saa. Nusumaisha yake ni saa nne na dakika saba hivi. Ukiitoa kwenye mashine saa mbili asubuhi, saa sita na dakika saba mchana nusu imekwisha, na adhana ya magharibi ikisikika imebaki chini ya moja kwa tano.